Kompyuta ya gemu niliyoiunda mwenyewe inazimika nikicheza: tatizo ni kadi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga. Mwaka huu nimeunda kompyuta yangu ya kwanza ya gemu, kifaa kimoja kimoja kadiri hela ilivyopatikana. Prosesa ni Ryzen 5 3600, mazabodi ni ya B450, kadi ya grafiki ni RTX 3070 niliyoinunua kwa mtu, pawa saplai imeandikwa 650W. RAM ni vipande vinne vya GB 8. Nilianza na viwili, vingine viwili vya kampuni tofauti nikaongeza baadaye. Gemu la mpira nacheza hata saa nzima bila shida. Nikifungua gemu zito la vita, ndani ya dakika kumi na tano mashine inakata, giza, kama umeme umekatika. Mara inajiwasha yenyewe, mara haiwaki kabisa mpaka nichomoe waya ukutani nisubiri kidogo. Pia mara tatu nimepata skrini ya bluu yenye maneno MEMORY_MANAGEMENT, na mara moja kati ya hizo nilikuwa nasoma habari tu mtandaoni. Fundi wa kwanza alisema nipige Windows upya. Nimepiga, hakuna kilichobadilika. Wa pili anasema kadi imechoka, niiuze. Nimebakiwa na laki mbili na nusu. Picha ya lebo ya pawa saplai nimekuwekea. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kadi usiiuze. Hakuna aliyeipima, na ukiiuza sasa utakuwa umetoa kifaa chenye thamani kuliko vyote ndani ya kasha hilo kwa kufuata dhana tu.

Ninavyoona mimi, mashine yako ina maradhi mawili, si moja. Kukata ghafla na kuingia giza ni ugonjwa wa kwanza. Skrini ya bluu ni ugonjwa wa pili. Vyanzo vyake ni tofauti, vipimo vyake ni tofauti, na vimekutana kwenye mashine moja kwa sababu kila kimoja kina njia yake ya kuingia pale mtu anapounda kompyuta kidogo kidogo. Mafundi wako wawili walitafuta chanzo kimoja cha kueleza mambo yote, ndiyo maana hakuna aliyekusaidia. Na ubaya wa maradhi mawili uko hapa: ukitibu moja leo, kesho mashine ikianguka kwa lile jingine utadhani dawa haikufanya kazi. Utarudisha kila kitu kilivyokuwa, utajaribu jambo lingine, na utazunguka hivyo miezi mitatu. Nimepokea mashine kadhaa mezani kwangu zilizokuja kwa njia hiyo, vifaa vimebadilishwa nusu na tatizo liko palepale.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyatenganisha, nayo haigharimu hata shilingi. Windows hujiandikia kila kinachotokea. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, ingia kwenye kumbukumbu za mfumo (Windows Logs, kisha System), tafuta mistari iitwayo Kernel-Power yenye namba 41. Utaikuta mingi. Watu wengi wakiiona hiyo 41 wanashtuka na kusema "hii hapa, ni pawa saplai", lakini sivyo. Namba 41 maana yake ni kwamba Windows ilipowaka iligundua kuwa mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu, basi. Haisemi kwa nini. Kinachosema kwa nini kimejificha ndani yake: fungua maelezo ya kila mstari, tafuta palipoandikwa BugcheckCode. Ukikuta 0, Windows haikupata nafasi hata ya kujua inakufa. Mara nyingi ni umeme ulioondoka chini yake. Ukikuta 26, hiyo ndiyo MEMORY_MANAGEMENT yako, kwani 26 kwa hesabu ya mashine ndiyo 0x1A. Chukua daftari, andika kila tukio: tarehe, saa, namba, na ulikuwa unafanya nini. Natarajia zile za gemu zito ziwe na 0, na zile tatu za bluu ziwe na 26. Ukikuta hivyo, mgawanyo umethibitika kwa maandishi ya mashine yenyewe.

Tuanze na ugonjwa wa kwanza, kwa sababu ndio unaoweza kuharibu vifaa vingine.

Ulisema kwamba mara nyingine haiwaki mpaka uchomoe waya ukutani usubiri. Hiyo ndiyo sentensi iliyonisimamisha katika barua yako yote. Pawa saplai nyingi zina ulinzi wa ndani: zikizidiwa hujifunga, na hubaki zimejifunga mpaka uziondolee umeme kabisa. RAM mbovu haifanyi hivyo. Draiva mbovu, yaani programu inayoendesha kifaa, haifanyi hivyo, wala Windows haihusiki hapo hata kidogo. Na zile nyakati ambazo inajiwasha yenyewe, yaelekea umeme wa volti 12 ulishuka kwa kitambo kidogo mno, mazabodi ikapoteza ishara kwamba umeme uko sawa, ikaanza upya. Ni pawa saplai ileile, imezidiwa kwa viwango viwili tofauti.

Sasa tazama lebo uliyonitumia. Kwa herufi kubwa imeandikwa 650W. Ukishuka kwenye jedwali, mstari wa +12V unasema 32A. Zidisha: 12 mara 32 ni wati 384. Prosesa na kadi ya grafiki vinakula karibu umeme wao wote kwenye mstari huo wa volti 12, kwa hiyo kwa kazi yako wewe, hiyo ni pawa saplai ya wati 384. Hizo nyingine zimejumlishwa kutoka mistari ya volti 5 na volti 3.3, ambayo mashine ya siku hizi haina kazi nayo kubwa. Huu ndio mchezo wa lebo unaowaumiza vijana wetu madukani, na inaniuma kila nikiuona, maana mtu amejinyima miezi kununua kadi nzuri halafu anailaza juu ya kitu kama hiki. Mstari wa kusoma ni ule wa +12V. Ule mkubwa wa juu ni wa kuuzia.

Fanya hesabu ya matumizi. RTX 3070 imepangiwa wati 220. Ryzen 5 3600 imeandikwa 65, lakini kwa mipangilio ya kawaida inaruhusiwa kuvuta mpaka 88. Mazabodi, diski, feni na RAM, weka 50. Jumla ni 358. Utasema mbona inatosha, 358 iko ndani ya 384? Inatosha kwa wastani. Lakini kadi za kizazi hiki hazivuti umeme kwa utulivu. Ndani ya sehemu ndogo ya sekunde hurukia juu ya wati 300 kisha hushuka, na hurudia hivyo kila picha inapobadilika sana. Pawa saplai nzuri humeza mruko huo bila wewe kujua. Iliyo ukingoni hukata. NVIDIA wenyewe wanapendekeza pawa saplai ya wati 650 kwa kadi hii, nao wanamaanisha 650 za kweli. Ndiyo maana pia gemu la mpira halikusumbui: halilazimishi kadi kufika juu.

Nisingependa uniamini kwa hesabu tu, kwa hiyo thibitisha. Pakua programu ya MSI Afterburner, ni ya bure. Ina kitelezi cha kikomo cha umeme wa kadi. Kishushe mpaka asilimia 65, yaani kadi isivuke takribani wati 143. Kisha ndani ya gemu funga idadi ya picha kwa sekunde iwe 60. Cheza gemu lako zito kwa saa mbili, siku tatu mfululizo, saa zilezile unazocheza kila siku. Kukatika giza kukikoma, kadi yako ni nzima na pawa saplai ndiyo inayozidiwa. Hakuna kipimo kingine cha bure kinachosema mengi kama hiki, na kwa mashine kama yako ningekifanya kabla ya kushika bisibisi.

Baada ya hapo ndipo uzime kila kitu, uchomoe ukutani, ufungue kasha. Angalia waya unaokwenda kwenye kadi. Kama kadi yako ina matundu mawili ya pini nane, na wewe umetumia waya mmoja wenye vichwa viwili, badilisha: tumia nyaya mbili tofauti zinazotoka kwenye pawa saplai, kama zipo. Kichwa kimoja cha pini nane kimepangiwa wati 150, na waya mmoja kubebeshwa mzigo wa vichwa viwili hupoteza volti njiani na kupata joto. Sukuma kila kichwa mpaka usikie kimeingia. Na kama siku moja utanunua pawa saplai yenye nyaya za kuchomoa, usichanganye nyaya za kampuni moja na pawa saplai ya kampuni nyingine hata kama kichwa kinaingia vizuri. Upande wa pawa saplai kila kampuni hupanga pini zake itakavyo, na diski na mazabodi huungua kwa kosa hilo kabla hujaondoa kidole kwenye swichi.

Pawa saplai yenyewe usiifungue. Najua mafundi wengi mtaani huifungua kuipuliza vumbi. Ndani yake kuna kapasita linalohifadhi zaidi ya volti 300, na huendelea kuzihifadhi kwa muda hata baada ya kuchomoa waya. Puliza kwa nje, imezimwa, inatosha.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye ukuta wako. Hukusema umeme wa nyumbani ukoje, na kwetu huku swali hilo halirukwi. Kuna kijana aliniletea mashine yake, nikaifanyia majaribio siku mbili kwenye meza yangu haikukata hata mara moja. Akarudi nayo nyumbani, usiku huohuo ikakata. Nilipokwenda kwao jioni nikakuta mashine iko kwenye ekstensheni moja na friji na pasi, na mita yangu kwenye ekstensheni ilisoma volti 188 mahali pa 230. Kila friji ilipoanza, taa ilififia, na mashine ikakata. Kwa hiyo soma tena lebo yako, sehemu ya umeme unaoingia. Kama imeandikwa 100–240V, volti 188 inaistahimili. Kama imeandikwa 230V tu au 200–240V, basi jioni mtaa mzima unapowasha vitu iko nje ya uwezo wake. Ukikuta nyuma ina swichi nyekundu ya kuchagua 115 au 230, iache kwenye 230 siku zote. Ikiwekwa 115 kwa umeme wetu italipuka.

Kama unatumia stabilaiza, ile inayolia tak, tak kila umeme unapoyumba, jaribu siku moja kuiondoa na kuchomeka moja kwa moja ukutani, saa ambayo umeme umetulia. Kila ule mlio una mkato mdogo wa umeme ndani yake. Pawa saplai iliyojengwa vizuri inatakiwa kuvumilia mkato wa kama milisekunde 16 ikiwa na mzigo kamili. Za bei rahisi huwekewa kapasita dogo na hazifiki hapo. Na ukifikiria kununua UPS, ile ndogo ya 650VA haitakusaidia wakati wa gemu, maana uwezo wake halisi kwa kawaida haufiki hata wati 400. Umeme ukikatika na wewe uko vitani, nayo itakata.

Joto sikuliweka mbele, ingawa Tanga najua kunavyokuwa mchana. Kikomo cha joto cha prosesa yako ni nyuzi 95, na kadi huanza kujipunguza ikiwa kwenye nyuzi 83 hivi. Zote mbili hupunguza kasi kwanza kabla ya kuzima, kwa hiyo ungeona gemu linakwama-kwama dakika kadhaa kabla ya giza. Wewe hukulitaja hilo. Fungua HWiNFO, programu ya kusoma joto la vifaa, iache iandike joto wakati unacheza, uhakikishe, halafu tuendelee.

Ugonjwa wa pili ni RAM, na hapa sina shaka kubwa. Vipande vinne, vya kampuni mbili, vimenunuliwa nyakati mbili. Fikiria: AMD wenyewe kwa Ryzen 5 3600 wanaahidi kasi ya 3200 ikiwa vipande ni viwili. Vikiwa vinne ahadi inashuka mpaka 2933, na kama ni vile vyenye chipu pande mbili inashuka mpaka 2667. Sasa mtu anaingia BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi kabla Windows haijawaka, anawasha XMP, mpangilio unaoipandisha RAM mpaka kasi iliyoandikwa juu yake, kwa 3200 na vipande vinne, mashine inawaka, anafurahi. Kuwaka si ushahidi. Kosa moja kati ya mabilioni ya namba linatosha kuleta skrini ya bluu wakati unasoma habari, na ndivyo ilivyokutokea.

Ingia BIOS, zima XMP. Andaa flashi ya MemTest86, programu ya kupima RAM ambayo hufanya kazi bila Windows, kwa hiyo kadi yako inakuwa imepumzika na ugonjwa wa kwanza hauwezi kuingilia kipimo. Iache usiku kucha imalize mizunguko minne. Kwa GB 32 usitegemee chini ya saa kadhaa. Idadi ya makosa inayokubalika ni sifuri. Nikisema sifuri ni sifuri. Mtu akikwambia kosa moja au mawili si kitu, usimsikilize.

Ikimaliza safi bila XMP, vipande vyako ni vizima, ila vinne havikubaliani na 3200. Panga kasi mwenyewe iwe 2666 au 2933, pima tena, uishi hapo. Hutaona tofauti kubwa kwenye gemu. Ikitoa makosa hata bila XMP, toa viwili ulivyoongeza. Acha viwili vya mwanzo kwenye tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, upime. Kisha weka viwili vingine peke yao kwenye matundu yaleyale, upime. Kipande kibaya kitajitaja chenyewe. Ukifika hapo pima kimoja kimoja. Kwa gemu unazocheza, GB 16 zilizotulia ni bora kuliko 32 zinazokuangusha, na vile viwili vya ziada, vikipita kipimo peke yao bila kosa, unaweza kuviuza kwa ukweli, ukimweleza mnunuzi kwamba ni vizima ila havikuelewana na vyako.

Wewe uko pwani, kwa hiyo ukivitoa angalia meno yake ya dhahabu. Hewa ya bahari huacha utando. Safisha kwa spiriti ya aisopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, acha ikauke. Mafundi wenzangu wengi husugua kwa kifutio cha shule, na mara nyingi kweli mashine inawaka baada ya hapo, lakini ule weusi unaobaki kwenye kifutio una dhahabu ndani yake, na dhahabu hiyo ni nyembamba mno. Mimi niliacha.

Jambo moja usilifanye sasa hivi: kusasisha BIOS. Watu watakushauri, na si ushauri mbaya kwa B450, kwa kuwa matoleo mapya yaliboresha uelewano na RAM. Lakini mashine inayokata bila taarifa ikikata katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza isiwake tena. Subiri ugonjwa wa kwanza upone.

RAM ikishakaa sawa, kuna kipande cha kumalizia ambacho hakuna aliyekwambia. Ulipiga Windows upya wakati RAM bado ina makosa. Faili zilipita kwenye RAM hiyo zikielekea kwenye diski, na huenda baadhi ziliandikwa zimeharibika. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika sfc /scannow, uiache imalize. Ikisema imeshindwa kurekebisha, piga Windows tena, safari hii juu ya RAM uliyoipima.

Kuhusu laki mbili na nusu: iweke yote kwenye pawa saplai, lakini baada tu ya kile kipimo cha asilimia 65 kukupa jibu. Ukiweza kuazima nzuri kwa rafiki au fundi ukacheza nayo jioni moja bila kikomo, bora zaidi. Dukani omba uone lebo kabla ya kulipa. Kwa mashine yako tafuta +12V ya ampea 50 au zaidi, yaani wati 600 kwenye mstari huo mmoja, na umeme wa kuingia 100–240V. Alama ya 80 Plus inaeleza tu namna inavyobana matumizi, haikuahidi kwamba ulinzi wake ni mzuri, kwa hiyo isikutoshe peke yake. Ya mkononi usinunue. Kadi ya mkononi nanunua, prosesa ya mkononi nanunua, pawa saplai hapana, kwa sababu uchakavu wake hauonekani kwa macho na ikifa vibaya huenda na wenzake. Kama laki mbili na nusu haifiki, endelea kucheza kwa kikomo cha asilimia 65 mpaka itimie. Kadi haitadhurika, na utashangaa jinsi picha zinavyopungua kidogo tu.

Ikitokea umetibu yote mawili na bado inaanguka, ndipo tutaitazama kadi. Rudi kwenye eventvwr utafute namba 4101, ambayo ni draiva ya skrini kuacha kujibu, au WHEA-Logger namba 18, ambayo mara nyingi hunipeleka kwenye prosesa na volti zake. Niandikie ukiwa na vitu vitatu: zile namba za BugcheckCode na saa zake, matokeo ya MemTest86 bila XMP, na umecheza muda gani kwa asilimia 65 bila kukata. Na hiyo stabilaiza, kama ipo, nipigie picha ya nyuma yake.